Ardhi, Nyumba na Msitu katika Kilosa

Mto Mkondoa hupenya kati ya milima ya Rubeho na ya Ukaguru, kisha hushuka hadi mji wa Kilosa. Katika karne ya kumi na tisa bonde lake lilikuwa njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Baadaye Wadachi walipitisha humo reli yao, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto huo ulifurika, kuta za kuzuia maji zikashindwa, reli ikang'olewa, na maelfu ya watu wakawa hawana pa kulala ila mahema. Mvua ilikuwa nyingi mno, hilo halina ubishi. Lakini mlima uliovuliwa miti hauzuii maji wala udongo, na anayejenga bondeni hukaa kwa rehema ya msitu ulio juu yake.

Basi nani alipe gharama ya kuurudishia mlima miti yake? Siku hizi liko shauri lisemalo kwamba nyumba zilipe: ardhi ya kando ya msitu igawanywe viwanja vikubwa, nyumba ziwe chache na miti iwe mingi, na fedha za wanunuzi zitumike kupanda na kulinda. Shauri hilo lavutia, hasa katika nchi iliyo jirani na mji wa Mikumi, penye barabara kuu ya Iringa na mbuga ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Lakini kabla ya kulikubali yafaa kuitazama historia.

Nyumba chache katika kivuli kingi si jambo geni Tanganyika. Wakati wa Waingereza miji iligawanywa kwa daraja: Uzunguni palikuwa na viwanja vipana na miti, Uhindini palikuwa na maduka, na Uswahilini nyumba zilibanana. Oyster Bay na Kariakoo, katika Dar es Salaam, ni mashahidi wa mpango huo hadi leo. Kivuli kilikuwa haki ya wachache, wala hakikulipia msitu wowote.

Huko Uingereza kwenyewe, Ebenezer Howard alikuwa ametoa wazo lililo bora zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1898 alieleza kwamba ardhi ya mji isiuzwe, bali ikodishwe. Na thamani yake ipandapo, kwa sababu watu wamekuja kuishi hapo, ziada hiyo iwarudie wakazi wote. Mji wa Letchworth ulianzishwa kwa wazo hilo mwaka 1903. Hata hivyo mwenye ardhi alikuwa ni kampuni yenye hisa, na mwaka 1960 kampuni nyingine ikautwaa usukani. Ikalazimu Bunge kutunga sheria mwaka 1962 ili mali ya mji iokolewe. Kodi peke yake, basi, haitoshi. Yapasa kuuliza pia ni nani aishikaye hati.

Swali hilo Julius Nyerere aliliuliza mwaka 1958, alipopinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwapa watu ardhi iwe milki yao ya daima. Alihofu kwamba maskini wangeuza, matajiri wangenunua, na wenyeji wangekuwa wapangaji katika nchi yao. Baada ya uhuru, milki za namna hiyo zilifutwa mwaka 1963. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilikiri kwamba haki juu ya ardhi ina thamani, lakini ardhi yenyewe ikabaki ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na ardhi ya vijiji ikawekwa mikononi mwa halmashauri za vijiji.

Kilosa imekwisha kujaribu njia mbili za kuulipia msitu. Ya kwanza ilianza mwaka 2009, kwa fedha za Norwei: Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, pamoja na mtandao wa MJUMITA, liliwasaidia wanakijiji kutunza misitu yao ili wapate malipo ya hewa ukaa. Malipo ya majaribio yalitolewa. Lakini mradi ulikoma mwaka 2014, na soko lililotarajiwa halikuwa na nguvu ya kushika nafasi ya mfadhili. Ya pili ilianza mwaka 2012, kwa msaada wa Uswisi. Vijiji vilitenga sehemu ndogo ya misitu yao ya miombo, wakaigawa vitalu vya mita 50 kwa 50, wakavuna mkaa kwa zamu ya miaka 24, huku visiki vikiachwa vichipue. Ushuru ulibaki kijijini, ukajenga madarasa na zahanati. Msitu ukaonekana kuwa na faida kwa wale wanaoulinda.

Lakini mkaa ni mali ya miombo. Msitu wa mvua ulioko vileleni, kama ule wa Ukwiva, hauvunwi hivyo. Kazi yake ni kuotesha mito, nao huhitaji fedha itokayo kwingine. Hapo ndipo nyumba zaweza kuingia, kwa sharti moja: ziwe za kodi, wala si za mauzo. Kiwanja huuzwa mara moja. Msitu hulindwa kila mwaka. Tena ardhi ya kijiji ikihamishwa kuwa ardhi ya jumla ili mgeni apewe hati, halmashauri ya kijiji hupoteza mamlaka juu yake, na wajukuu hawatapata kitu ila habari ya bei iliyokwisha kuliwa.

Kijiji kikibaki na ardhi yake, kikapanga nyumba chache mbali na kingo za mito, na kikapokea kodi mwaka hata mwaka, mlinzi wa msitu atalipwa hata mfadhili akiondoka. Kikiuza, kivuli kitarudi kuwa cha Uzunguni, na mafuriko ya Mkondoa yatabaki kuwa ya wale waishio bondeni.