Posa Wakati wa Mizinga: Bukoba na Muleba, 1978–1979

Vita vya Kagera vimesimuliwa sana kwa upande wa askari. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978. Daraja la Kyaka, kwenye Mto Kagera, likalipuliwa siku chache baadaye. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga mvamizi tunavyo, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kilichosimuliwa kidogo ni jinsi vita vile vilivyoingia kwenye uchumba na ndoa za vijijini.

Posa ya Wahaya, wenyeji wa Bukoba na Muleba, hutaka muda. Mshenga huenda na kurudi, wageni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, wazee hukaa kikao, na rubisi, yaani pombe ya ndizi, lazima iwepo. Rubisi yenyewe haina haraka. Ndizi hukatwa zikiwa mbichi, zikaivishwa kwa siku kadhaa, kisha zikakanyagwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao mpaka juisi itoke. Hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa na kuachwa ichachuke. Anayeanza kazi hiyo anaamini kwamba wiki ijayo bado atakuwa nyumbani kwake.

Imani hiyo ndiyo iliyovunjwa kwanza. Ng'ambo ya Mto Kagera, kuelekea Minziro na Mutukula, maelfu ya watu waliacha vibanja vyao, yaani mashamba ya migomba, na kukimbilia kusini. Inakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa. Ng'ombe waliswagwa kuvuka mpaka, nyumba zikaporwa. Familia iliyokuwa imekwisha kupokea barua ya posa ilijikuta haina ua wa kupokelea wageni, na mahari iliyowekwa akiba ikageuka nauli na chakula.

Mji wa Bukoba nao ulikumbwa na hofu, wengi wakahama. Waliokuwa na ndugu upande wa Muleba walijua pa kukimbilia. Hapo kibanja kilionyesha thamani yake, kwa kuwa mgomba hauna msimu mmoja wa mavuno. Mkungu ukikatwa leo mwingine unakomaa, na mwenye kibanja huweza kumlisha mgeni ambaye hakumtarajia.

Novemba ni msimu wa senene pia. Zamani wanawake ndio waliowakusanya, wakawanyonyoa mbawa na miguu, wakawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Mke aliyempelekea mumewe senene alikuwa amemwonyesha mapenzi na heshima. Mwaka ule vijana wengi walikuwa mgambo au jeshini. Mke au mchumba aliyebaki alisubiri habari za redioni, huku jembe likimngoja.

Amani iliporudi, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera, lakini mapenzi hayakurudi katika hali ya zamani. Magendo yalishamiri mpakani na fedha za haraka zikaingia mikononi mwa vijana. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiuzwa kwa magendo. Kuvitwika vita peke yake lawama si haki, kwani biashara na safari za ziwani zilikuwa na sehemu yake. Hata hivyo, kizazi kilichocheleweshewa ndoa na mizinga ndicho hichohicho kilichozika wenzi wake mapema.

Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari waliotulinda, na taifa linawaenzi kama inavyostahili. Wanakijiji walioposana, wakatengana na kuoana katika miezi ile hawana kumbukumbu ya namna hiyo. Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni babu na bibi. Shule za Bukoba na Muleba ziwatume wanafunzi wao wakawaulize walioanaje, walikimbilia wapi na nani aliwapokea, kisha majibu yaandikwe na kuhifadhiwa. Bila hayo, historia ya vita vile itabaki nusu.