Jangwa Lilipotiwa Lami

Anayevuka uwanda wa Nullarbor, kusini mwa Australia, kwa gari hukutana na jambo ambalo kwa haraka halieleweki. Akielekea magharibi, kwenye mpaka wa majimbo ya South Australia na Western Australia, mahali paitwapo Border Village, mkaguzi wa Western Australia humfungulisha buti, jokofu na masanduku ya chakula, akamtaka aache machungwa, nyanya, asali, mbegu na miche. Akielekea mashariki, hupita mpaka huohuo bila kufunguliwa kitu, akaendesha kilomita 480 hivi hadi mji wa Ceduna, na huko wakaguzi wa South Australia ndio wanaotaka matunda yake. Haya ni majimbo mawili ya nchi moja, yenye fedha moja na bendera moja, na kila moja linahofia kikapu cha mwenzake. Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba huu ni wivu wa kikoloni uliosalia, au mradi wa faini. Mimi naona historia inatuelekeza kwingine. Vituo hivi vilikuja kuziba pengo lililoachwa na jangwa, pale reli, lami na gari vilipoliondolea jangwa kazi liliyokuwa likiifanya bila malipo tangu zamani.

Nzi wa matunda si mruka mbali. Jike hutoboa ganda la tunda linaloiva na kutaga mayai chini yake. Mabuu hula tunda kwa ndani, kisha hudondoka na kujifukia udongoni hadi wageuke nzi kamili. Walio wengi huishi na kufa ndani ya kilomita moja hivi kutoka walipoibukia. Kwa mdudu wa namna hii, mamia ya kilomita za vichaka vya chumvi na mawe, pasipo mti wa tunda wala kijito, hayavukiki. Mvumbuzi Edward John Eyre alipopita pwani ya ukanda huo mwaka 1841, akiwa mwishoni amebaki na Wylie, kijana wa wenyeji wa Australia, safari ilimla miezi kadhaa na kiu nusura iwaue. Tunda lolote ambalo angelibeba lingeliwa au kuoza mapema, na mabuu yake yangefia njiani. Ndiyo maana makoloni ya karne ya 19 hayakuweka mtu jangwani wa kukagua vikapu. Hatari waliyoiona ilitoka baharini, na kweli ilitoka huko: nzi wa Mediterania, ambaye licha ya jina lake asili yake ni Afrika kusini ya Sahara, aliingia Western Australia katika miaka ya 1890, na kabla muongo haujaisha alikuwa ameonekana Sydney pia.

Wazo la kujilinda dhidi ya jirani wa nchi kavu lilikuja kwanza kwa sababu ya mizabibu. Mwaka 1877 filoksera, mdudu mdogo anayeshambulia mizizi ya mzabibu na aliyekuwa akiangamiza mashamba ya Ufaransa, alipatikana karibu na Geelong katika koloni la Victoria. South Australia, iliyopakana na Victoria na kutegemea mvinyo, ilizuia mizabibu ya nje isiingie, na mwaka 1899 ikatunga sheria mahususi ya filoksera. Hadi leo jimbo hilo halina mdudu huyo, na lina mizabibu ambayo ni miongoni mwa mikongwe zaidi duniani inayozaa bado. Hapa pana funzo la kiutawala lililotangulia gari: mpaka uliochorwa kwa rula kwenye ramani, usiofuata mto wala mlima, unaweza kumzuia mdudu iwapo watu watakubali kutomsafirisha.

Kisha njia zikafunguka. Reli ya kuunganisha Port Augusta na Kalgoorlie ilikamilika mwaka 1917. Barabara ya Eyre ilichongwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1941 na 1942, na kwa miaka mingi ikabaki ya vumbi na mashimo. Upande wa Western Australia ulitiwa lami yote kufikia 1969, upande wa South Australia mwaka 1976. Umuhimu wa tarehe hizi hauonekani mpaka uzipime kwa maisha ya mabuu. Mapichi yaliyonunuliwa Perth Jumatatu sasa yangeweza kufika Adelaide Alhamisi, na mabuu yakiwa hai ndani yake. Baadaye likaja gari la foo-wili lenye jokofu lake lenyewe, ambalo kwa msafiri wa nyikani ni neema kubwa. Lakini kuua mabuu kwa baridi huhitaji kiwango kilicho karibu na kuganda kwa maji, tena kwa wiki mbili au zaidi bila kukatika. Jokofu la gari, linalofunguliwa kila baada ya saa chache, haliwaui. Huwahifadhi pamoja na tunda lao.

Anayeuliza kama usumbufu huu una faida aangalie kilichotokea pale nzi alipofika kabla ya mkaguzi. Mwaka 1947 nzi wa matunda alipatikana Adelaide. Serikali ilichuma na kuharibu matunda katika bustani za watu, uani kwao, na mwaka huohuo bunge la South Australia likatunga sheria ya kuwalipa fidia waliopoteza mazao. Naona tukio hili lina uzito kuliko hotuba yoyote ya kutetea vituo. Jimbo linaloacha kufungua masanduku ya wasafiri barabarani halijipatii uhuru zaidi, kwa kuwa mdudu akishaingia, maofisa watabisha hodi nyumba kwa nyumba, na watakaopoteza matunda ni watu ambao hawajasafiri kokote.

Lakini hoja ya wivu haiwezi kupuuzwa, kwa sababu wivu ulikuwepo. Majimbo yalipoungana tarehe 1 Januari 1901, kifungu cha 92 cha katiba yao kiliagiza biashara kati yao iwe huru kabisa, huku kifungu cha 112 kikiyaruhusu kutoza gharama za ukaguzi wa bidhaa. Kati ya maneno hayo mawili palikuwa na mwanya wa kupitishia kila aina ya hila. Mwaka 1928 Mahakama Kuu ya Australia iliulizwa kama New South Wales inaweza kuzuia ng'ombe wanaotoka Queensland kwa sababu ya kupe. Majaji waligawanyika sawa kwa sawa na zuio likasimama. Mwaka 1935 likaja suala la viazi: Victoria ilikuwa imepiga marufuku viazi vyote kutoka Tasmania, na safari hii mahakama ilikataa, kwa kuwa marufuku hiyo haikuonyesha kwamba inakinga ugonjwa wowote wa kweli. Nashikilia kesi hizi mbili pamoja. Zinakiri kwamba karantini inaweza kugeuzwa vazi la kumlinda mkulima wa nyumbani dhidi ya bei ya jirani, na zinaonyesha kwamba palikuwa na mahali pa kulivua vazi hilo. Vituo vya barabarani vilivyodumu ni vile vinavyoweza kumtaja mdudu, mmea anaoushambulia, na upande asikopatikana.

Hapo ndipo anapojibiwa yule anayeuliza kwa nini Western Australia imnyime msafiri chungwa wakati nzi wa matunda wamejaa Perth kwenyewe. Wamejaa kweli, ila ni nzi wa Mediterania, na Western Australia ndilo jimbo pekee ambako amejikita. Mashariki alitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, inaaminika kwa kushindwa na nzi wa Queensland, mwenyeji wa misitu ya pwani ya mashariki aliyehamia kwenye bustani. Basi Ceduna humzuia mmoja asiende mashariki, na Border Village humzuia mwingine asiende magharibi. Kaskazini, karibu na Kununurra, Western Australia ina kituo kingine kwa wanaotoka Northern Territory. Hofu ya jimbo hilo si ya kubuni: mwaka 1989 nzi wa Queensland aligunduliwa Perth, na ilibidi atokomezwe kwa chambo chenye sumu na kwa kuachia hewani nzi tasa, kazi iliyoendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kisa kinachotugusa sisi wa Afrika Mashariki kilitokea Queensland yenyewe. Mwaka 1995, karibu na Cairns, alipatikana nzi wa papai kutoka Asia. Maofisa waliweka vizuizi katika barabara zinazotoka eneo hilo, wakatundika vipande vya chambo vya kuua madume, wakapulizia chambo cha protini, na mwaka 1999 wakatangaza kwamba ametokomezwa, kwa gharama iliyozidi dola milioni 30 za Australia. Mwaka 2003 nzi wa jamii hiyo aligunduliwa Kenya, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wanasayansi walimpa jina la pekee, lakini kufikia 2015 walikubaliana kwamba yeye, yule wa papai, na nzi wa Mashariki anayejulikana Asia ni aina moja. Kwetu alienea bara zima katika miaka michache, na mwaka 2014 Kenya ililazimika kusimamisha yenyewe mauzo ya maembe Ulaya. Soko hilo lilifunguliwa tena mwaka 2021. Sidai kwamba kizuizi cha barabarani kingetosha kutuokoa. Mipaka yetu ina watu wengi, masoko yako pande zote mbili, na mwembe uko karibu kila ua. Australia ilikuwa na bahati ya eneo lenye njia chache za kutokea, na ililipia gharama ya kuitumia bahati hiyo mapema. Hata hivyo, mdudu alikuwa yuleyule.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye njia za ndani. Anayepita barabara ya Anne Beadell, kilomita 1,300 hivi za mchanga kati ya Coober Pedy na Laverton, au Great Central Road, huingia Western Australia bila kukuta mkaguzi mpakani. Sheria ni ileile ya Border Village, ila hakuna wa kuisimamia. Je, kituo kinacholinda barabara kuu huku njia za pembeni ziko wazi si maonyesho tu? Nadhani hapana, na sababu ni ileile iliyolifanya jangwa kuwa kinga. Njia hizi zingali polepole, zina magari machache, na haziishii kwenye bustani za matunda. Hatari hupimwa kwa wingi wa matunda na kasi ya safari, na vyote viwili viko kwenye lami. Ila sitaki kuficha uzito wa upande wa pili: mtu anayebeba chakula cha wiki mbili mahali pasipo duka hupoteza zaidi kuliko yule wa barabara kuu anapolazimika kuacha mboga zake. Desturi iliyojengeka kati ya wasafiri hao ni kupanga safari kinyumenyume: kujua ni siku gani mpaka utavukwa, kula matunda yaishe kabla yake, kuvipika viazi na vitunguu vilivyobaki, na kununua upya upande wa pili. Desturi hiyo hufanya kazi ambayo hakuna serikali ingeweza kuajiri watu wa kutosha kuifanya.

Ipo pia hoja kwamba yote haya yameshindwa. Mwaka 1887 ndugu wawili kutoka Kanada, George na William Chaffey, walianza makazi ya kilimo cha umwagiliaji kando ya mto Murray, huko Renmark na Mildura, na kutokana na hayo yakaja mashamba ya machungwa na zabibu ya kando ya mto huo, yakiwemo ya eneo la Renmark linaloitwa sasa Riverland. Katikati ya miaka ya 1990 New South Wales, Victoria na South Australia yalikubaliana kuyazungushia maeneo hayo ukanda mmoja usioruhusiwa nzi. Mvua kubwa za 2010 na 2011 zilileta milipuko mingi kiasi kwamba, kufikia 2013, majimbo mawili ya kwanza yalikuwa yamejitoa. South Australia ilibaki na kituo chake cha Yamba, karibu na Renmark, kinachofanya kazi usiku na mchana. Mwishoni mwa 2020 nzi wa Queensland akaonekana Riverland nayo. Wapo wanaosema hapo kazi imekwisha, tukubali kuishi naye. Kuishi naye kulikuwa rahisi zamani kwa sababu ya dawa mbili, dimethoeti na fenthioni; matumizi mengi ya ile ya kwanza yalisimamishwa mwaka 2011, na ya pili ikafutwa mwaka 2015, kwa ajili ya usalama wa walaji. Silaha inayotegemewa sasa ni nzi tasa wanaozalishwa kwa mamilioni katika kiwanda kilichofunguliwa Port Augusta mwaka 2016, ambao huachiwa wajamiiane na nzi wa shambani ili mayai yasianguliwe. Hesabu yake inatoka tu pale nzi tasa wanapowazidi wa shambani mara nyingi, na kila tunda lenye mabuu linalopita Yamba bila kukaguliwa huongeza upande usiotakiwa wa hesabu hiyo.