Nauli ya Meli: Baina ya Ijara na Kamari

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Surat Quraysh inataja neema ya misafara ya majira mawili. Pwani yetu nayo ilijaaliwa pepo mbili: kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarejesha. Mwenye mali alingoja baina ya khofu na matumaini. Leo khofu hiyo yenyewe imegeuzwa bidhaa.

Mwaka 1985 Soko la Baltic la London lilianza kutoa kipimo cha nauli za meli za shehena kavu, kama nafaka na makaa ya mawe. Mei 2008 kipimo kilifika 11,793. Mwanzoni mwa Desemba mwaka huohuo kilikuwa 663. Watu hawakuacha kula. Ila mabenki yaliacha kuaminiana, na matajiri walioagiza meli kwa tamaa wakaingiwa na khofu.

Sheria inasemaje? Tutenganishe mambo mawili.

La kwanza, kukodi meli ni ijara, na sharti lake ni kazi na ujira vijulikane. Nauli kupanda si dhulma kwa nafsi yake. Bei zilipopanda Madina, Mtume (s.a.w.) alikataa kuzipanga, kama alivyopokea Anas (r.a.) katika Abu Daud na Tirmidhi.

La pili, tangu 1985 kuna wanaouziana kipimo chenyewe: hapana meli wala shehena, hulipana tofauti ya tarakimu tu. Baraza la Fiqhi la Jeddah liliamua mwaka 1992 kuwa kuuza na kununua vipimo vya masoko ni kamari. Akisema mtu kwamba anajikinga na hasara, tunamjibu: afunge mapema mkataba wa safari ya kweli, kwa nauli inayojulikana.

Haya yanatuhusu hata Iguguno, kando ya barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, mbali na bahari. Dizeli na mbolea ya viwandani huvuka bahari kwanza, na nauli imo ndani ya bei. Mwishoni mwa 2023 meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu, khabari ilitangulia kufika kuliko shehena. Mfanyabiashara anayeficha mbolea aliyokwisha kuinunua, mkulima akiihitaji, ili asubiri khofu ipandishe bei, ajiulize kuhusu ihtikari, ambayo Mtume (s.a.w.) aliiita dhambi.

Maimamu walieleze hili mimbarini kabla ya msimu wa kupanda, si baada yake.

Wallahu a‘lam.