Wacheza Nyoka na Kuta Zao

Mwaka 1953 kampuni ya Faber and Faber ya London ilichapisha kitabu cha Hans Cory. Huyu alikuwa Mwaustria aliyezaliwa kwa jina la Koritschoner, akaja kuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na mwaka 1962 akafia Mwanza. Cory aliandika sana juu ya watemi na sheria za Wasukuma, lakini kitabu hicho kina jambo jingine kabisa. Kinaonyesha michoro ya ukutani: nyoka waliojipinda, wanyama, na watu wa hadithi ambao huwezi kuwaelewa mpaka uambiwe siri yao. Wachoraji walikuwa Bayeye, wanachama wa Buyeye, chama cha wacheza nyoka wa Usukuma na Unyamwezi.

Naanza na kitabu hicho kwa sababu nimechoka kusikia kwamba kuchora kuta ni mambo ya Nairobi, au ni mtindo wa Wazungu ulioletwa na vijana wenye simu. Watu wa huku Usukuma walikuwa wakichora kuta zao wakati Shinyanga ni stesheni ndogo tu kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Walichora kwa pamoja, chini ya chama chenye viongozi na masharti, na rangi hawakununua dukani. Nyeupe, nyekundu na nyeusi zilitoka katika udongo na masizi.

Buyeye ilikuwa kazi na elimu. Muyeye alijua kukamata nyoka, kumtibu aliyeumwa, na kucheza na chatu shingoni mbele ya umati bila kutetemeka. Hayo hakuzaliwa nayo. Aliingia chamani, akafundishwa dawa na nyimbo, na darasa lake lilikuwa nyumba ya udongo. Ukuta ndio uliokuwa ubao. Mwanafunzi alisimamishwa mbele ya picha, akaambiwa yule ni nani na alifanya nini. Aliyetoka nje bila kufundishwa alikuwa ameona rangi tu.

Hapa lazima niseme wazi, maana wapenda sanaa wa mjini hupenda kuliruka jambo hili. Kuta zile zilikuwa za jamii, lakini hazikuwa za kila jicho. Zilikuwa ndani, na mlango ulikuwa mpaka. Isitoshe, ukuta wa udongo hukandikwa upya kila unapochakaa, na mchoro huondoka na tope la zamani. Chama kilichotaka picha zake zidumu kilipaswa kuwa na watu wanaojua kuzichora tena. Urithi ulikaa mikononi mwa wachoraji, ukuta ukaupokea kwa muda.

Sanaa iliyokuwa ya macho ya wote ilikuwa uwanjani, na huko ndiko ninakotaka tukae kidogo.

Ngoma za Wasukuma zimegawanyika katika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Simulizi huzipeleka kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliopimana nguvu za dawa zao kwa kucheza. Mpaka leo vyama vingi vya ngoma hujihesabu upande mmoja au mwingine. Siku ya mashindano pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila upande na ningi wake, yaani manju anayetunga na kuongoza nyimbo. Mtazamaji yuko huru kuhama, na umati ndio unaoamua: walikojazana watu, huko ndiko kwenye ushindi. Ukiona kundi la wazee, akina mama na watoto limegeuza mgongo na kuvuka kwenda ng'ambo, ujue kuna manju anayeumia moyoni.

Kwa hiyo kila kitu kilichochongwa, kilichopakwa rangi au kuvaliwa kilikuwa na kazi moja, kumvuta mtu aliyesimama ukingoni. Zilichongwa sanamu za mbao, nyingine zenye viungo vinavyochezeshwa, zikatolewa katikati ya ngoma ili watu wapige kelele. Wacheza nyoka walikuja na chatu hai. Wacheza bugobogobo walikuja na majembe, maana ngoma yao ilitoka katika vikundi vya kulima kwa zamu, wakayarusha na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma. Nimesoma maelezo mengi ya sanaa za mitaani katika miji mikubwa ya dunia, na bado sijakutana na jamii iliyompa mpita njia mamlaka makubwa kuliko haya: ukimchosha, anaondoka, na kila mtu anaona ameondoka.

Kuta hazikuwa na bahati ya ngoma. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wa mkoa wa Shinyanga kutoka makazi yao ya kutawanyika, kila kaya na uzio wake wa minyaa, kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Ngoma inabebeka kichwani na mdomoni, ukuta haubebeki. Nyumba ya udongo ikiachwa na mwenyewe, misimu michache ya mvua na mchwa humaliza kazi.

Uhamishaji huo huo uliharibu ngitili, yale malisho na misitu iliyotengwa kwa makubaliano ya wenyeji. Lakini ngitili zilirudi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwaachia wanavijiji waamue wenyewe wapi patengwe na nani atozwe faini. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimefufuliwa zaidi ya hekta 350,000, na mwaka 2002 mradi ukapewa tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Mpaka wa ngitili nyingi hauna seng'enge. Mti, njia ya ng'ombe na neno la dagashida, baraza la jadi la kijiji, vinatosha. Mpaka huo nautaja kwa makusudi, kwa sababu kila nikipendekeza bustani za miji yetu ziachiwe wananchi wapambe kuta zake, naambiwa wataharibu. Watu wanaolinda msitu bila uzio ndio wataharibu ukuta wenye picha zao?

Mahali ambapo sanaa hii ilipewa kiwanja chake ni Bujora, Kisesa, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Québec, alifika huko katika miaka ya 1950. Yeye na wenzake Wasukuma walijenga makumbusho ambayo yenyewe ni sanamu kubwa za kuingia ndani. Jengo la watemi lina umbo la kiti cha enzi. Lipo banda la vyama vya ngoma, ipo nyumba ya mhunzi na ya mganga, na kanisa ni la duara kama msonge. Padre Clement alifariki mwaka 1986. Bujora wengi huiita kivutio cha watalii, na hilo linanisikitisha. Ni bustani ya wenyeji wenyewe, na mtoto wa Kishapu angepaswa kuijua kabla ya mgeni wa kutoka Ulaya.

Huku Geita historia imekwenda kwa kuhama. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma wa mwaka 1947 uliwasukuma watu wenye mifugo kutoka maeneo yaliyobanana kwenda Geita, na ngoma zao zikahama nao. Mgodi wa enzi za ukoloni ulifungwa mwaka 1966, mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Mji umekua haraka, na kuta zake nyingi zimeshachukuliwa na rangi za kampuni za simu. Mafundi wanaopaka rangi hizo ni vijana wa hapo hapo, wenye mkono mzuri na jicho la vipimo. Wanajua kuchora. Hakuna aliyewaambia wachore chatu.

Kila Juni, Bujora huadhimisha Bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua, sherehe iliyozaliwa na maandamano ya Ekaristi Takatifu na kuendelea kuwa siku za mashindano ya ngoma. Bagika huku, Bagalu kule. Hakuna kamba kati yao. Watu wakishaondoka jioni, vumbi likatulia, nyasi za upande mmoja huwa zimekanyagwa kuliko za upande wa pili.