Mahari ilivuka Ruzizi, uraia ulibaki ng'ambo

Mpaka wa upande wetu na Rwanda ulikatwa na wazungu mwaka 1910. Watu waliendelea kuoana: mahari ikisha kutolewa, mke ni wa ukoo, basi.

Serkali ina hesabu yake. Sheria ya jamaa ya 1987 ilishika mahari, lakini ikataka pia ndoa iandikwe kwa ofisi ya serkali. Kisha sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 ikasema wazi kwamba ndoa peke yake haibadilishi uraia. Mgeni aliyeoana na Mkongomani anangoja miaka 7 ndipo aombe, na siku ya kuomba wawe bado wanaishi pamoja. Katika miaka hiyo yeye ni mgeni, kibali chake cha kukaa ni cha kutafuta DGM.

Kuishi pamoja! Sheria hiyo iliandikwa wakati vita vikubwa vimetoka tu kuisha. Leo mume yuko kambini, mke amekimbilia Bujumbura, kartasi ya ndoa imeungua na nyumba. Watamwonyesha nani miaka yao?

Watoto hawangoji miaka 7. Mwenye baba ao mama Mkongomani ni Mkongomani tangu kuzaliwa.