Taharuki: hofu isiyohitaji bajeti

Oren Peli alipotengeneza Paranormal Activity hakuwa na studio wala nyota wa sinema, na hakuwahi kuongoza filamu kabla ya hapo. Alikuwa na nyumba yake mwenyewe San Diego, waigizaji wawili wakuu wasiojulikana, kamera ya kawaida ya video na kiasi cha dola 15,000. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2007, ikasambazwa kwenye majumba ya sinema miaka miwili baadaye, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 190. Watu walitoa fedha zao wakakodolea macho chumba cha kulala ambamo, kwa muda mrefu, hakuna kinachotokea. Kilichowabakiza vitini ni taharuki.

Kwa wahakiki wa fasihi na filamu, taharuki ni hali ya msomaji au mtazamaji kujua kwamba kuna jambo litatokea, asijue litatokea lini, wapi, wala litamwangukia nani. Kujua na kutojua vyote viwili vinahitajika. Asiyejua lolote hana anachokingoja, na aliyekwisha kujua yote hana cha kumtia wasiwasi. Mwongozaji Alfred Hitchcock alimfafanulia jambo hili mwongozaji mwenzake François Truffaut katika mazungumzo yao ya mwaka 1962 kwa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza. Watu wamekaa wanapiga soga, mara bomu linalipuka: watazamaji wameshtuka kwa sekunde 15, basi. Lakini waonyeshwe bomu mapema, waonyeshwe na saa ya ukutani, na soga lile lile litawaweka roho juu kwa dakika 15. Kilichoongezwa hapo ni taarifa tu, na taarifa haigharimu chochote.

Tazama Peli anavyoigawa taarifa hiyo. Usiku kamera imesimamishwa chumbani, haisogei. Wahusika wakuu, Katie na Micah, wamelala upande mmoja wa picha. Upande wa pili mlango uko wazi, na nje yake kuna ukumbi wenye giza. Pembeni ya picha saa inahesabu. Filamu inaukimbiza usiku, tarakimu zinapita mbiombio, kisha ghafla zinarudi kwenye mwendo wa kawaida. Baada ya usiku mmoja au miwili mtazamaji ameshajifunza: saa ikipunguza mwendo, kitu kinakuja. Tangu hapo Peli hahitaji kukuonyesha lolote. Macho yako yenyewe yanapekua ule mlango, ukingo wa shuka, kivuli cha ukutani. Usiku mmoja Katie anaamka, anasimama kando ya kitanda akimtazama mwenzake aliyelala, na saa inakimbia huku yeye amesimama tu. Hakuna damu, hakuna zimwi la plastiki. Ni mwanamke amesimama, na kijasho chembamba kinakutoka.

Ndiyo maana siamini kwamba filamu za kutisha za bei ndogo hupendwa licha ya uchache wa fedha zake. Mara nyingi uchache huo ndio unaomlazimisha mtengenezaji afanye kazi ya kweli. Asiye na fedha za kuunda jini atalificha mlangoni, na jini lililofichwa humkaa mtu kichwani muda mrefu. John Carpenter alitengeneza Halloween, iliyotoka mwaka 1978, kwa zaidi kidogo ya dola 300,000. Kinyago cha muuaji wake kilinunuliwa dukani kwa bei ya chini sana, kikapakwa rangi nyeupe, na muziki aliutunga mwenyewe. Katika The Blair Witch Project ya mwaka 1999, hatuonyeshwi kabisa kinachowawinda vijana waliopotea msituni Maryland. Nyingine nyingi za bei ndogo hushindwa, nazo hushindwa mahali pale pale: hutegemea kelele ya ghafla, kelele ikipita zinabaki tupu.

Kelele hiyo ya ghafla ina jina lake: mshtuko. Huo huja na kuondoka. Hofu ni pana zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kuhofia maradhi au madeni bila kungoja tukio lolote mahususi. Fumbo nalo linatazama nyuma na kuuliza nani alifanya, ilhali taharuki inatazama mbele. Kwa hiyo kuziita zote kwa jumla “filamu za kutisha” kunatunyima uwezo wa kusema kwa nini moja imetukosesha usingizi na nyingine tumeisahau kabla ya kufika nyumbani.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa kusogea na kutikisika, mzizi ule ule uliotupa harakati. Lile la Kiingereza, suspense, limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kutundika: mtu ameachwa akining'inia. Naipenda zaidi picha yetu, maana mtazamaji wa filamu ya Peli amekaa kimya kitini huku ndani yake kila kitu kinakwenda mbio. Tatizo ni kwamba magazeti nayo hulitumia neno hili kwa kiwewe cha umma, kwamba wakazi wamekumbwa na taharuki baada ya mlipuko. Si kosa, ila anayeandika kuhusu filamu afafanue mapema anakusudia ipi, au aseme “kujenga taharuki”, kwa sababu kiwewe hakijengwi hatua kwa hatua.

Na ujenzi huo si mgeni kwetu. Katika vibanda vya video vya Kenya, Tanzania na Uganda, mtafsiri wa filamu, awe DJ Afro au mwingine, hatafsiri maneno tu. Yeye ameshaiona filamu. Mhusika akishika kitasa cha mlango, mtafsiri anapenyeza kwamba huyu bwana hajui kinachomngoja humo ndani, halafu ananyamaza. Banda zima linakuwa tumbo joto, mwingine anamfokea mhusika asifungue. Mtengenezaji wa filamu huenda hakuliweka bomu lolote chini ya meza hiyo. Limewekwa na mtu mwenye kipaza sauti, kwa sentensi moja.