Burma na Zoezi la Kulegeza Nafsi

Mafunzo ya umakinifu yanayotolewa leo hospitalini, shuleni na magerezani katika nchi nyingi yalipata umbo lake Burma, ambayo sasa inaitwa Myanmar, katika miaka 70 hivi iliyofuata ushindi wa Waingereza wa mwaka 1885. Kiini chake ni cha kale zaidi: ni mafundisho ya Buddha kuhusu jinsi mtu anavyojijengea nafsi akaishika, na jinsi mshiko huo unavyoweza kulegezwa. Burma haikubuni mafundisho hayo. Iliyatoa mikononi mwa watawa wachache ikayapeleka kwa wakulima na makarani wa serikali, na sababu ya kufanya hivyo ilikuwa ya kisiasa kama ilivyokuwa ya kidini.

Kwa mapokeo ya Kibudha, hotuba ya pili ambayo Buddha aliwapa wafuasi wake watano wa mwanzo, huko Sarnath karibu na Varanasi, ilihusu suala hilohilo. Ndani yake mtu anachambuliwa katika mafungu matano: mwili, hisia za raha na karaha, utambuzi wa vitu, misukumo ya nia, na fahamu. Kila fungu hubadilika bila kumwomba mtu ruhusa, kwa hiyo hakuna hata moja linalostahili kuitwa “mimi”. Maandiko ya baadaye yanasimulia jinsi mtawa Nagasena alivyomfafanulia jambo hilo Milinda, mfalme wa Kigiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi katika karne ya 2 kabla ya Kristo, kwa mfano wa gari la farasi: magurudumu yapo, ekseli ipo, nira ipo, lakini vikishatenganishwa hakibaki kitu kingine cha kuitwa gari.

Nafsi, kwa maelezo haya, ni kazi inayofanyika kila dakika. Jicho au sikio linapokutana na kitu huzuka hisia. Hisia ya raha huzaa tamaa, ya karaha huzaa chuki, na katika kung’ang’ania kunakofuata ndimo “mimi” na “changu” huzaliwa. Mtu aliyetukanwa husikia sauti kwanza. Kisha kifua hubana. Hadithi ya “mimi niliyedharauliwa” huja baadaye, na ikirudiwa miaka mingi huwa tabia, kisha sifa ambayo mwenyewe hujitambulisha nayo. Umakinifu hulenga kuingia kati ya hisia na tamaa, ili ule mbano wa kifua utambuliwe kuwa ni mbano tu, kabla haujapata mwenyewe.

Kwa karne nyingi mambo hayo yalisomwa zaidi kuliko yalivyotendwa. Buddhaghosa aliyapanga kwa kina katika kitabu chake Visuddhimagga huko Sri Lanka katika karne ya 5, na watawa wa Burma waliendelea kukitegemea. Walei walitoa sadaka, walijenga pagoda na kutumaini kuzaliwa tena mahali pema zaidi. Miongozo ya mwanzo inayojulikana ya kutafakari kwa Kiburma iliandikwa na mtawa Medawi kuanzia mwaka 1754. Mlinzi wa dini alikuwa mfalme. Mindon, aliyehamishia makao ya enzi Mandalay, aliamuru maandiko matakatifu yachongwe kwenye mabamba 729 ya marumaru, ambayo hadi leo yamesimama katika pagoda ya Kuthodaw, na mwaka 1871 akaitisha mkutano mkuu wa watawa.

Novemba 1885 majeshi ya Uingereza yaliingia Mandalay. Thibaw, mwana wa Mindon, alipelekwa uhamishoni Ratnagiri, India, na huko ndiko alikofia mwaka 1916. Kwa Waburma wengi msiba huo ulizidi kupotea kwa serikali. Mapokeo yao yalisema dini ya Buddha ingedumu miaka 5,000 huku ikififia hatua kwa hatua; sasa aliyepaswa kuishikilia isififie hayupo, na watawala wapya hawakutaka kubeba jukumu lake.

Aliyelibeba ni mtawa wa kijijini, Ledi Sayadaw, aliyezaliwa mwaka 1846 katika wilaya ya Shwebo. Alianzisha makao msituni karibu na Monywa, kisha akazunguka nchi nzima akihubiri. Vitabu vyake, vilivyochapwa kwa Kiburma chepesi, vilifundisha uchambuzi wa nafsi ambao zamani ulihesabiwa kuwa elimu ya wanazuoni, na watu walikutana katika vikundi kuusoma. Hoja yake yenye uzito zaidi ilikuwa kwamba mtu halazimiki kwanza kufikia utulivu mkuu wa akili ambao wakaa-pweke hutumia miaka mingi kuutafuta. Umakini wa muda mfupi mfupi, ukielekezwa kwenye mabadiliko ya mwili na akili, unatosha kuanzia. Mtu mwenye shamba na watoto akapata njia. Ledi hata alimtia moyo mlei, mkulima Saya Thetgyi, afundishe wenzake.

Hapo ndipo kilipo kiini cha historia hii. Watu waliohofia kupoteza utambulisho wao kama taifa la Kibudha waliamua kuulinda kwa kueneza zoezi linalofundisha kwamba hakuna utambulisho wa kudumu. Nguvu mbili zilizopingana zilikaa katika harakati moja, na hazikupatanishwa.

Baada ya uhuru wa mwaka 1948 serikali yenyewe iliingia kazini. Waziri Mkuu U Nu alimwalika Rangoon mtawa Mahasi Sayadaw, na mwaka 1949 kituo chake kikafunguliwa. Alikuwa ameandika mwongozo wake mkuu mwaka 1945, wakati vita vya dunia vikifikia mwisho wake. Njia yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuitenda: mwanafunzi hufuata kupanda na kushuka kwa tumbo anapopumua, na kila kinachojitokeza hukitaja kimoyomoyo, iwe maumivu, sauti, wazo au hasira. Hukaa na kutembea kwa zamu mchana kutwa, kisha humsimulia mwalimu alichokiona. Wapinzani walidai kwamba tumbo halimo katika maandiko. Mahasi alijibu kwamba mwendo wa tumbo ni mwendo wa elementi ya hewa, nayo imo.

Ramani ya safari iliyotumiwa kituoni hapo haikuficha ugumu wake. Kwanza mwanafunzi hutenganisha mwendo wa mwili na fahamu inayoujua. Halafu huona vyote vikizuka na kutoweka kwa kasi. Baadaye huja hatua zinazoitwa kwa majina yao halisi, hofu na kuchukizwa, kwa kuwa alichokitegemea kama nafsi yake hakishikiki tena. Ndiyo maana mwalimu alihitajika karibu. Wanaouza umakinifu kama njia ya starehe wameiacha sehemu hii, na ni kosa kubwa.

Mkondo wa Saya Thetgyi ulipitia kwa U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa kwanza wa Burma huru, aliyewafundisha makarani wake ofisini na kufungua kituo Rangoon mwaka 1952. Mwaka 1955 alimpokea S. N. Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyeteswa na kipandauso. Goenka aliyapeleka mafunzo ya siku 10 India mwaka 1969. Kutoka vituo hivi, na kutoka kwa mtawa Mjerumani Nyanaponika aliyejifunza kwa Mahasi, umakinifu ulifika Ulaya na Marekani. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Lugha ya dini iliondolewa, lakini kazi ilibaki ileile: kuyaona maumivu bila kuyageuza kuwa “mimi mgonjwa”.

Nchini Burma utambulisho wa kundi haukulegea. Sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliwapa uraia kamili wale wa makabila yaliyohesabiwa kuwako nchini kabla ya 1823, mwaka mmoja kabla ya vita vya kwanza na Waingereza, na Warohingya, ambao wengi wao ni Waislamu, waliachwa nje. Mwaka 2017 zaidi ya 700,000 kati yao walikimbilia Bangladesh, huku baadhi ya watawa wakiwa wamehubiri chuki dhidi ya Waislamu kwa jina la kuilinda dini. Zoezi hili humfundisha mtu kuichunguza nafsi yake. Nafsi ya taifa haikuwahi kuwekwa mezani.